Siku Daktari Alipokosa Treni kwa Ajili ya Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa saa. Alifanyia kazi upenuni mwa nyumba yetu ya Mji wa Kale, meza moja na kiti kimoja, na kila apitaye alimwona ameinama, kile kioo cheusi cha mafundi amekibana jichoni. Pengine ndiyo sababu hatukuona upesi kwamba anakonda. Mtu aliyeinama kutwa nzima ni vigumu kumpima. Mama ndiye aliyeona, tena kwa kikoi: Baba alianza kukivuta mkunjo wa pili kiunoni, kisha wa tatu, na huku juu, pale mbavu zinapoachana, tumbo likitokeza mbele.

Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma sekondari. Haya ninayoyaandika sasa nimeyatoa katika daftari langu la mwaka ule, ambalo hapana alisomaye. Siku nyingine mle nimeandika mstari mmoja tu kwa sababu mkono ulikataa. Sasa umekubali. Sina haja ya kuandika malalamiko, maana nikipima, waliotutendea wema ni wengi kuliko nilivyojua siku zile, na wengine hata sikuwashukuru kwa mdomo.

Mdomo ndio ulionishinda tangu utotoni. Darasani nilikuwa najua jibu na mkono haupandi. Wageni wakija nyumbani nilijificha nyuma ya pazia la mlango wa ndani mpaka waondoke. Bibi, mamake Baba, alikuwa akiwaambia watu, "Huyu wetu ulimi ameuweka sandukuni, anangoja harusi autoe." Watu walicheka, na mimi nikazidi kujificha.

Baba alikwenda hospitali alipoanza kuvimba miguu jioni. Walimlaza. Walimtia dawa kwenye mshipa wa paja wakampiga picha, wakamtoa damu, wakambonyeza hapa na pale. Mwisho wakatwambia ana uvimbe kwenye ini, kansa, na kwamba umekuwa mkubwa kiasi cha kuweza kupasuka wenyewe siku yoyote. Ukipasuka, damu itamwagikia ndani na hapana wa kuizuia. Palikuwa na daktari mmoja Mzungu, mpasuaji, aliyeteremka kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi kwa kazi nzito kama hizo. Hushuka kwa treni, hupasua siku mbili, hurudi kwa treni ya jioni. Alimwona Baba, akazitazama picha sana, akasema atajaribu. Neno hilo, atajaribu, lilitutosha.

Mama hakuweza kwenda hospitali. Alikuwa amejifungua mdogo wangu wa mwisho na bado yuko ndani, hajatimiza arubaini yake. Kwa hivyo mambo yote ya hospitali yakawa ya Bibi, na mimi nikawa wa kumbebea kikapu.

Jioni ya kuamkia siku ya kupasuliwa, sista wa wodi alikuja kutupa masharti. Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, mpana wa mabega, mwenye Kiswahili cha kukata mafundo mafundo. Alisema tangu sasa mgonjwa asile kitu wala asinywe kitu, hata tone. Bibi alimfanya arudie mara tatu, akahesabu kwa vidole: chai hapana, uji hapana, maji hapana, maji ya dafu hapana, tambuu hapana. Baba alimwambia sista asijitaabishe. "Mimi nimefunga Ramadhani tangu sijaota ndevu," akasema. "Usiku mmoja utanishinda?" Bibi akakaa kando ya kitanda kama askari. Alikuja jirani mmoja na birika la kahawa, kwa mapenzi yake, akafukuzwa na birika lake mpaka mlangoni.

Alfajiri tulirudi. Nurse wa zamu ya usiku alikuwa mwema, alituachia tuingie tumwombee dua kabla hajapelekwa, akaenda zake upande wa pili wa wodi. Bibi alifungua kikapu akatoa sahani nyeupe iliyofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa kombe. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani siku iliyotangulia, mwalimu akamwandikia aya kwa wino wa zafarani sahani nzima, mviringo ndani ya mviringo, mpaka katikati. Bibi akamimina maji kidogo na marashi, akaosha yale maandishi kwa kidole polepole, maji yakawa ya manjano. Akayatia kikombeni. Yakajaa, akaosha sahani mara ya pili ili lisibaki neno. Baba akapiga bismillahi akanywa yote. Mimi nilishika kitambaa. Nilisikia harufu ya waridi na nikahisi moyo wangu umetulia, na wallahi sikuona kosa lolote. Kombe kwetu halihesabiwi pamoja na chai na uji. Tangu nizaliwe nimenywa kombe kwa homa, kwa mtihani, kwa kuota ndoto mbaya, na sikumbuki hata mara moja kulinywa kwa kiu.

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Saa mbili hivi wakamtoa Baba kwenye kitanda cha magurudumu, amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Sista yule yule alikuwa ameingia zamu. Alisimama mbele ya Bibi na karatasi yake akauliza, "Nyanya, mgonjwa hakula kitu? Hakunywa kitu?"

"Hata mate sidhani kama amemeza," Bibi akajibu.

Hakusema uongo. Nataka hilo lijulikane. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote, na mimi niliyekaa ubavuni mwake niliamini vile vile, mpaka gurudumu la kitanda lilipoanza kulia sakafuni. Hapo, sijui kwa nini, nikaukumbuka mwezi wa Ramadhani. Mwaka uliotangulia nilikuwa na homa katika mfungo, Bibi akaniletea kombe, akaliweka juu ya kabati akalifunika kawa. Nikamuuliza mbona sinywi. Akaniambia ngoja magharibi, usifungue saumu.

Kama linafungua, basi ni kinywaji.

Nilibaki na hilo neno moja mkononi kama kaa la moto. Kitanda kilikuwa kinakwenda. Nikisema, huenda wakamrudisha Baba wodini, daktari akapanda treni yake, na mwezi mzima upite na lile dude tumboni likingoja kupasuka. Nisiposema, sijui nini kitatokea, ila sista hakuwa mtu wa kurudia jambo mara tatu kwa mchezo. Na katikati ya hayo mawili palikuwa na Bibi, ambaye nitamuaibisha mbele ya watu. Nitasema kweli: lililonizuia zaidi ni hili la mwisho. Baba alikuwa anakwenda kupasuliwa tumbo na mimi nilikuwa naona haya.

Niliinuka nilipoona mlango wa chumba cha kupasulia unafunguliwa. Nilikimbia. Buibui lilinivuka kichwani nikaliacha.

"Sista," nikasema. "Amekunywa."

Alisimama. "Amekunywa nini?"

"Kombe. Alfajiri. Kikombe kizima, na cha pili nusu."

Hakujua kombe ni nini, watu wa kwao hawana. Nikamweleza, maneno yakinitoka vipande vipande: Kurani, zafarani, maji, marashi. Bibi alikwisha kutufikia. Aliniangalia kama mtu aliyefunguliwa mlango na mwizi akakuta mwizi ni mjukuu wake.

"Hicho si kinywaji," akamwambia sista. "Yale ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Huyu mtoto hajui asemalo."

Nikamuuliza, na sauti yangu ilitetemeka hata mimi nikaionea huruma, "Bibi, Ramadhani kombe hunywewa saa ngapi?"

Aliyejibu ni Baba, amelala chali pale pale kwenye magurudumu. "Baada ya magharibi, mama," akasema, na ile shuka ikatikisika, anacheka. "Mama, huyu ametushika."

Daktari alitoka kusikia kuna nini. Alikuwa mrefu, mwekundu wa shingo, kofia ya kitambaa kichwani. Sista akamweleza kwa Kiingereza na mimi nilifahamu yote. Nilingoja agombe. Hakugomba. Aliuliza saa ngapi, na kiasi gani, na kama kulikuwa na maziwa ndani yake. Sista akanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa. Daktari akasema basi watangulie wagonjwa wengine wawili, Baba awe wa mwisho, baada ya adhuhuri, tumbo likiwa limekauka. Sista akamkumbusha kuhusu treni. Daktari akaitazama saa yake ya mkononi, akainua mabega, akasema treni itakuwapo na kesho. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye niliyesema. Niliitikia kwa kichwa tu, maana yale maneno yangu yalikuwa yamekwisha. "Vizuri sana," akasema kwa Kiswahili, akarudi ndani.

Sista ndiye aliyetukalisha akatueleza, hakuwa mkali. Alisema ile dawa ya usingizi hulegeza koo, na kilichomo tumboni hupanda juu, kisha kikateremkia mapafuni. Mgonjwa huzama juu ya kitanda kikavu kama aliyezama baharini, na mpasuaji hajashika hata kisu. Amewahi kuona, akasema. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinama. Akanigeukia mimi. "Umenivua nguo mbele ya kadamnasi," akaniambia taratibu, kisha asiseme nami tena.

Tulikaa benchi moja, yeye kule na mimi huku, tangu saa tatu mpaka karibu na magharibi. Baba aliingizwa baada ya adhuhuri. Nilijaribu kusoma Yasini nikaipoteza njiani mara nne. Nilifikiri: akifa ni mimi niliyemchelewesha. Nilifikiri pia kwamba akipona hapana atakayejua ni kwa lipi.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye sharti nimweke hapa. Walihitaji damu, na jamaa zetu walikuwa wengi lakini kila mmoja ana neno: huyu ana presha, huyu ana safari, huyu alikwisha kuota vibaya. Aliyekuja ni mpangaji wa chumba chetu cha chini, karani wa reli, mtu wa bara aliyekuwa amekaa kwetu mwaka mzima na Bibi akimlalamikia kwa kupiga mluzi. Alitoka kazini na mavazi yake ya kazi, akalala, akatoa, akanywa chai yao ya sukari nyingi, akaondoka na mluzi wake. Bibi hajamlalamikia tena.

Daktari alipotoka, fulana yake imelowa mgongo mzima. Alikaa. Hilo ndilo ninalolikumbuka, alikaa kwenye benchi letu kama mtu wa nyumbani, akasema kwa Kiingereza na sista akawa anatufasiria. Amelitoa pande la ini lenye uvimbe, pande kubwa. Halitapasuka tena. Baba yu hai, analala. Sista alipofika hapo Bibi alishika mkono wa daktari akauweka kwenye paji la uso wake. Lakini daktari alikuwa anaendelea kusema, na mimi nilimfahamu kabla hajafasiriwa. Ule uvimbe ulikuwa umeota kama mzizi ndani ya mshipa mkubwa unaopita nyuma ya ini, ukapanda nao, na ncha yake imeingia mlangoni mwa moyo. Ameigusa kwa kidole kwa nje ya mshipa. Hakuivuta, maana kuivuta kungemuua pale pale mezani. Alisema ng'ambo zipo mashine za kufanya kazi ya moyo huku moyo umesimamishwa, na pengine siku moja watu watautoa mzizi kama ule. Hapa hatuna. Amempa muda, akasema, na hajui ni muda gani.

Sista alifasiri hivi: "Kuna mzizi kidogo umebaki, tumwombe Mungu." Simlaumu. Alikuwa amesimama tangu asubuhi.

Basi nikawa mimi peke yangu ninayejua. Usiku ule nilimwambia Mama, naye akamwambia Bibi, na wakaafikiana kama wanavyoafikiana watu wote kwetu, kwamba mgonjwa haambiwi. Ukimwambia umemkatia kamba. Mimi ndio kabisa, sikuulizwa.

Kwa siku tatu Bibi alinisemesha kwa kupitia ukuta. "Mwambieni huyo alete maji ya moto." "Huyo amekula?" Siku ya nne wodi ilijaa wageni, na mmoja akauliza ilikuwaje wakachelewa kumpasua. Nilitafuta pazia la kujifichia na hospitali haina mapazia ya kutosha. Bibi akalitoa mwenyewe. "Mimi mtu mzima nilitaka kumuua mwanangu kwa mapenzi," akawaambia. "Nilimnywesha kombe na yeye amefungwa mdomo. Wenye ndimi tulikuwa wengi pale. Aliyesema ni huyu bubu wangu." Kisha akanitazama usoni akaniita, "Ndoo ukae hapa, ndoo," akanisogezea nafasi karibu naye, ndogo, nusu yangu ilibaki nje.

Siku waliyomtoa nyuzi Baba alimtuma Bibi kwa sista kuuliza habari ya sabuni. Haikuwa sabuni aliyoitaka. Alitaka tubaki wawili.

"Daktari alisema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia alisema amelitoa pande.

"Hilo najua, nina kovu. Alisema nini kingine? Mimi mtu huniletea saa, nikaifungua nikaona pale nisipopaweza. Nikaifunga. Simwambii itakwenda milele. Humwambia, itakwenda, lakini uijue ilivyo. Naye hushukuru. Sasa mimi, fundi, nirudishiwe mwili wangu bila neno? Wewe ndiwe uliyesikia Kiingereza. Niambie, mama."

Nilimwambia. Nilimwambia yote, mshipa, mzizi, mlango wa moyo, mashine za ng'ambo. Nilisema nikitazama vidole vyake vya miguu. Nilipomaliza akaniuliza kama ile ncha aliigusa kwa kidole kweli. Nikasema kweli. "Kwa kidole," akasema, akautazama mkono wake mwenyewe kama aliyeusifu mkono wa fundi mwingine. "Na treni ikamwacha." Kisha akanishukuru. Baba yangu hakuwa mtu wa kuwashukuru watoto.

Akawaambia Bibi na Mama siku ile ile aliyorudi nyumbani, wasimfiche, anaujua mzizi wake. Bibi alilia kwa sauti, Mama kimya, na baada ya hapo nyumba yetu ikawa nyepesi. Sikuitarajia hiyo. Kabla yake watu walinong'ona kwenye ngazi na kutabasamu chumbani. Sasa walisema kwa sauti zao za kawaida, wakagombana kuhusu chumvi, na Baba akawa anaulizwa anataka nini naye akajibu.

Alichotaka ni kurudisha saa za watu. Zilikuwa nyingi mezani, nyingine zimelala miaka. Alikaa akazitengeneza zile alizoweza, mbili kwa siku, moja kwa siku, na zile asizoziweza akazifunga vizuri. Kisha akasema hatatuma mtu, atazipeleka mwenyewe, na mimi nifuatane naye nimbebee mfuko. Tulikwenda jioni baada ya shule. Nyumba kwa nyumba hapa Mji wa Kale, halafu maduka ya kanga ya Biashara Street, mara moja mpaka Makupa kwa msimamizi wa malori aliyekwisha kusahau kama ana saa. Baba alikuwa akisimama kila mara kupumua, akijifanya anatazama milango ya watu. Kila nyumba walitukalisha. Kahawa, halua, habari za wazee waliokufa. Mlangoni alikuwa ananiachia mimi nibishe hodi. Mara ya kwanza nilibisha hata paka asisikie. "Tena," akaniambia. "Wamo ndani, hawamo kaburini."

Nilimjua baba yangu katika matembezi yale. Kabla yake nilimjua kisogo. Alinionyesha nyumba aliyozaliwa, na duka alilojifunzia ufundi kwa Mhindi mmoja aliyempiga vidole kwa rula, na mahali alipomwona Mama mara ya kwanza, ambapo hapana kitu, ni ukuta na mfereji. Daktari alipotuambia muda, mimi nilidhani muda ni kungoja. Miezi kumi tulipata. Mdogo wangu aliota meno mapajani mwake.

Baba alifariki asubuhi, chumbani mwake, miguu imevimba na akili timamu, Bibi amemshika kichwa. Sikuandika kitu siku ile.

Mfukoni ilibaki saa moja. Ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyehamia Tudor. Tulikwenda kwake mara mbili na Baba tukakuta mlango umefungwa, na mara ya pili Baba aliketi kwenye ngazi akacheka, akasema huyu bwana hataki kujua ni saa ngapi. Arubaini ilipokwisha niliichukua nikaenda peke yangu. Nilisimama mlangoni nikaitia ufunguo, ikaenda. Nikapiga hodi kwa sauti. Mwalimu alitoka na miwani juu ya kichwa, akaniuliza mimi binti ya nani.

Nikamwambia.

Akasema ingia, mwanangu, kwa nini baba mwenyewe hakuja, na mimi nikaingia, nikakaa, nikamweleza yote tangu mwanzo.